Siku Mbili Kabla ya Gergyovden

"Jina lako halipo leo, mama."

Zlatina Koleva alidhani hakusikia vizuri. Alisogeza uso karibu na tundu la kioo cha mapokezi, maana jicho la kulia lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho na la kushoto lilikuwa njiani. Akalitaja tena jina lake lote, polepole na kwa sauti kamili, kama alivyokuwa akitangaza treni ya Varna kwenye stesheni ya Ruse kwa miaka ishirini na minane. Binti wa mapokezi alibofya mara mbili, akapuliza kucha zake.

"Haya, nimekuona. Upasuaji wa jicho la kulia, tarehe tano Aprili, saa tatu na nusu asubuhi. Hukuja."

"Tarehe nne Mei, binti yangu. Leo."

"Tano Aprili. Mashine inasema tano Aprili."

"Mimi sikuota. Muuguzi aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe: siku mbili kabla ya sikukuu ya Gergyovden. Hata nikamwuliza, sasa nyama ya kondoo nitaila na jicho limefungwa bandeji? Akacheka. Akaandika kwenye daftari hapahapa, mbele yangu."

"Daftari lilishakwenda stoo. Tangu baada ya Pasaka tunatumia mfumo mpya."

Hapo Zlatina alinyooka kidogo. Alikuwa amevaa koti lake zuri la kijivu, na mkobani alikuwa na kandambili, taulo na gauni la kulalia alilolipiga pasi mara mbili. "Najua," alisema, na hakuweza kujizuia kutabasamu. "Mwanangu Svilen ndiye aliyeutengeneza huo mfumo."

"Basi kamuulize mwanao. Yeye hajakosea."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Nyuma ya Zlatina alikuwa amesimama Mzee Minko, fundi viatu mstaafu, naye akapiga kioo kwa fimbo akidai kwamba yeye pia ni leo, saa nne kamili. Binti alitazama, akasema na huyu naye ni tano Aprili. Akaja mwanamke wa tatu, akaambiwa hivyohivyo. Mtu mwenye chembe ya udadisi angejiuliza inakuwaje wazee watatu waamke siku moja wakiwa wamekosea tarehe ileile, tena Jumatano, siku pekee ya upasuaji, na orodha ya siku hiyo iwe tupu. Binti hakujiuliza. Aligeukia mwenzake wa meza ya pili akasema, "Leo wazee wote wa mji wamevurugikiwa," na wote wawili wakacheka. Daktari, kwa kuona orodha tupu, alikuwa ameshaondoka kwenda kuvua samaki.

Zlatina alipewa tarehe mpya: tarehe kumi na nane Januari. Nafasi za kulipiwa na serikali ni chache, na aliyekosa siku yake anarudi mwisho wa foleni. Alirudi nyumbani na mkoba wake, akashuka kituo kimoja kabla ya chake kwa sababu hakuweza kusoma maandishi ya basi.

*

Jikoni kwao, ghorofa ya sita, ilining'inia kalenda ya kuchana, ile nene kama tofali ambayo kila karatasi ni siku moja, yenye mtakatifu wa siku na saa ya jua kuchomoza. Kuchana karatasi ilikuwa kazi ya Zlatina. Kila asubuhi aliichana, akamsomea mjukuu wake Yoana jina la mtakatifu, kisha akampeleka chekechea, na saa kumi na moja jioni akamfuata. Tangu mwezi wa pili alikuwa amekunja pembe ya karatasi ya tarehe nne Mei, na sasa aliishika mkononi kama mtu anayeonyesha cheti.

"Hii hapa. Niliikunja siku ileile niliyotoka kliniki."

"Ulikunja karatasi isiyo yake, mama," alisema Vyara, mke wa Svilen. Vyara hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesimama akiuza duka la dawa tangu asubuhi, miguu imevimba, na alikuwa ameomba ruhusa ya wiki nzima ili amuuguze mama mkwe baada ya upasuaji. Ruhusa hiyo bosi wake hakuitoa kwa furaha. "Sasa mimi nitawaambia nini kazini? Kwamba operesheni ilikuwa mwezi uliopita?"

"Waambie wamekosea kliniki."

"Na jiko juzi, nalo liliachwa likiwaka na kliniki?"

"Jiko uliliacha wewe, Vyara. Ulikuwa unachemsha maziwa ya mtoto."

"Eh! Sasa ni mimi!"

Svilen alikuwa anakula supu bila kuinua kichwa. Ana miaka thelathini na sita, mpole, mtu wa kukwepa makelele. Mama yake alimgeukia, na usoni alikuwa na tumaini lote la dunia, kwa kuwa katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya mashine.

"Svilencho, mwambie mkeo. Yawezekana imekosea?"

"Mama," alisema, akifuta mdomo. "Ule mfumo nimeupima mwenyewe, wiki mbili nzima. Kompyuta inaweza kukataa kazi, inaweza kuzimika. Lakini ichukue mwezi mmoja iufanye mwingine? Haiwezi. Labda ulisikia vibaya tu, hutokea."

Wakati huo alikuwa anasema anachoamini, na hilo ndilo jambo la mwisho linaloweza kusemwa kwa kumtetea. Zlatina aliitazama karatasi, akainyoosha pembe yake kwa ukucha, akaitupa kwenye debe la taka. "Kama wewe umesema," alisema. Yoana, mwenye miaka mitano, aliuliza kama bibi bado atafungwa jicho kama haramia.

*

Kesho yake asubuhi kliniki ilipiga simu ofisini kwa kina Svilen. Wagonjwa sita walikuwa wamelalamika, mmoja kwa fimbo. Svilen akafungua kumbukumbu, na kwanza akatafuta jina la mama yake.

Kwa kompyuta, tarehe iliyoandikwa kwa mkono kisha ikachapwa ni maandishi tu, hayana tofauti na orodha ya sokoni. Ili iweze kuhesabu siku na kupanga foleni, mtu lazima ayageuze maandishi yale yawe tarehe yenyewe, na aiambie yasomwe kwa mpangilio upi: siku mbele, au mwezi mbele. Svilen hakuiambia. Alichukua kifaa kilichokwisha kutengenezwa na watu wa Amerika, kinachokisia chenyewe, na Wamarekani huandika mwezi mbele. Kikikuta ishirini na saba mwanzoni, kinaelewa kwamba hakuna mwezi wa ishirini na saba, basi kinageuza bila kusema kitu. Kikikuta nne, kinaona mwezi wa nne, kinaendelea na safari. Svilen alipima kwa ishirini na saba Aprili, kwa kumi na tisa Mei, kwa tarehe ya kuzaliwa binti yake ambayo ni thelathini. Zote zilikuwa sawa. Nambari ndogo hakuzijaribu, na siku ya kwanza ya upasuaji yenye nambari ndogo tangu mfumo uanze ilikuwa ile Jumatano.

Upande wa kushoto wa kioo cha kompyuta kulikuwa na maandishi kama yalivyochapwa kutoka kwenye daftari: 04.05.2022, 9:30. Upande wa kulia, tarehe iliyogeuzwa: tano Aprili. Na kwa kuwa tano Aprili ilikuwa imeshapita mfumo ulipowashwa, mfumo wenyewe uliandika pembeni, kwa utiifu: *hakufika*.

Svilen alikaa kama dakika tano mikono mapajani, kisha akaenda kwa bosi, Krum, mwanamume mnene anayevaa shati la michezo hata baridi ikiuma.

"Wangapi?" aliuliza Krum.

"Waliokwisha kurudishwa, sita. Walio mbele ni zaidi ya mia mbili, ila hao siku zao hazijafika."

"Wa mbele utawarekebisha kabla ya chakula cha mchana?"

"Ni mstari mmoja tu. Dakika kumi."

"Basi rekebisha." Krum akashusha sauti, akamwekea mkono begani. "Sasa nisikilize, kijana. Tarehe ishirini na tano tunasaini mkataba wa hospitali ya mkoa. Na wewe tarehe ishirini na tano unapata kazi ya kudumu, si ndivyo nilivyokuahidi? Kliniki nimewaambia wazee wamechanganya tarehe. Wameridhika. Wameomba na radhi kwa kutusumbua."

"Bosi, mmoja wa hao sita ni mama yangu."

Krum, kwa aibu yake, alicheka. "Afadhali! Yeye hawezi kukushtaki."

Svilen naye alicheka kidogo. Alijichukia kwa kicheko kile hata kabla hakijaisha, lakini alikicheka. Akarudi mezani, akaandika mstari mmoja unaosema siku mbele, mwezi nyuma, na kabla ya chakula cha mchana tarehe mia mbili na zaidi zikarudi mahali pake. Sita zikabaki.

*

Alikusudia kumwambia Vyara jioni ileile. Vyara alirudi amechoka, Svilen akaona atamwambia kesho, baada ya nyama ya sikukuu.

Kesho ilikuwa Gergyovden, tarehe sita Mei, sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Wazazi wa Vyara walikuja na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, jirani Penka akaja na saladi, na kondoo aliyeokwa akawekwa katikati ya meza. Marehemu mume wa Zlatina aliitwa Georgi, kwa hiyo ilikuwa sikukuu yake, na glasi ya kwanza ilikuwa ya marehemu. Zlatina alikula kipande kidogo. Macho yake yote mawili yalikuwa wazi na hayaoni vizuri.

"Mkwe," alisema baba yake Vyara, akimmiminia Zlatina, "leo ni tarehe ngapi? Tusije tukawa tunasherehekea Krismasi!"

Meza nzima ilicheka. Zlatina naye alicheka, akajifuta kinywa kwa kitambaa, akasema, "Ukinipa na hiyo glasi ya pili nitakwambia ni Januari." Walicheka zaidi, naye akaona amejiokoa. Mzaha wa kwanza juu yako ukiuchekea, wa pili unakuja wenyewe, na mchana ule ilikuja minne au mitano.

Kisha Yoana, mdomo umejaa mafuta, akasema, "Bibi, Jumatatu hutakuja kunichukua. Atakuja Penka. Mama amesema unaweza kusahau siku ukaniacha nje."

Penka alitazama saladi yake.

"Nilitaka kukwambia mwenyewe, mama," alisema Vyara, uso umemwiva. "Ni kwa muda tu. Mpaka tujue."

"Mjue nini?"

"Tujue hali yako."

Zlatina alimtazama mwanawe. Svilen alikuwa ameshika uma, na maneno yalikuwa mdomoni kabisa, yamepangwa: ni mimi, ni kosa langu, mama yuko sawa. Baba mkwe alikuwa ana kwa ana naye, yule aliyewahi kumwambia Vyara kwamba anaolewa na kijana wa kubofya vitufe. Tarehe ishirini na tano ilikuwa bado siku kumi na tisa. Aliona ni bora angoje watoke wageni.

"Ni kwa muda tu, mama," alisema.

Wageni walitoka saa kumi na mbili. Naye hakusema.

*

Mwanamke aliyeishi miaka ishirini na minane bila kuchelewesha treni hata moja kwa kinywa chake, akiambiwa hajui siku, hujaribu kuthibitisha. Zlatina alianza kuandika. Aliandika kwenye risiti, kwenye pembe za gazeti, kwa herufi kubwa ambazo jicho lake lingeweza kuziona: LEO ALHAMISI. DAWA NIMEKUNYWA. GESI NIMEZIMA, NIMEANGALIA MARA MBILI. Aliviweka vikaratasi mifukoni, na kabla ya kusema lolote mezani alikuwa anachungulia kimoja kwa siri.

Vyara alivikuta siku ya kufua. Alivipanga juu ya mashine ya kufulia, kumi na saba, akamwita mumewe.

"Tazama. Huyu ni mtu mzima wa akili?"

"Anaandika ili asikosee."

"Mtu asiyesahau anaandika kwamba leo ni Alhamisi?" Alikuwa analia kweli, maana bibi yake mwenyewe alianza hivihivi, na alimwona akiishia kumwita mama yake Vyara dada. "Svilen, mimi naogopa. Nimemwomba daktari wa kumbukumbu atupangie siku. Tarehe sita Juni."

Svilen alifunga mlango wa bafuni. "Vyara. Na kama ule mfumo ulikosea?"

Vyara alimtazama haraka. "Ulikosea?"

"Nasema kama."

"Kama ungekuwa umekosea ungesema siku ileile. Ungemwacha mama yako anatembea na vikaratasi mfukoni kama mwendawazimu? Wewe si mtu wa namna hiyo." Akamshika shavu kwa mkono wenye povu. "Najua inakuuma. Usimtafutie visingizio."

Baada ya hapo angeanzia wapi? Kila siku iliyopita ilikuwa imeongeza urefu wa kosa, na sasa lilikuwa halihusu tena nambari mbili zilizogeuzwa. Alichoweza kufanya alikifanya kwa uoga wake: alisema atoe leva elfu moja na mia tisa kutoka akiba yao, mama akafanyiwe jicho kwa daktari binafsi. Vyara akakataa. Fedha ile itahitajika, alisema, kama mama atakuwa wa kuangaliwa kutwa, au apelekwe kijijini kwa dada yake Rayna na mtu alipwe wa kuwapikia. Svilen hakubishana.

Tarehe ishirini na tano mkataba ulisainiwa. Krum alileta keki ofisini na mbele ya watu wote akampa Svilen karatasi yake ya kazi ya kudumu. Zlatina alimwokea banitsa, andazi la jibini, kwa kupapasa, chumvi ikazidi. "Jicho tu," alisema, akiomba radhi. "Mkono unajua, ila chumvi siioni." Vyara na Penka walitazamana. Tangu siku ile hakuachwa peke yake na jiko.

Kitu kimoja Svilen hakukitarajia. Alidhani mama yake atapigana, na kwa siri alikuwa anangoja apigane, apige kelele, aende stoo ya kliniki akalitafute lile daftari. Hapo lingefichuka lenyewe bila yeye kufungua mdomo. Mama yake hakupigana. Angepigana na binti wa mapokezi, angepigana na Vyara. Lakini aliyesema mashine haiwezi kukosea alikuwa Svilencho wake, na kati ya kumkosea imani mwanawe na kujikosea imani mwenyewe, alichagua la pili. Asubuhi moja Svilen aliingia jikoni akamkuta amesimama mbele ya kalenda, mkono umeinuliwa nusu.

"Ya jana nilishaichana?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Chana wewe. Nisije nikachana mbili."

Tangu hapo alikuwa anachana Svilen.

*

Tarehe sita Juni ilikuwa Jumatatu. Ni sita ya mwezi wa sita: uisome kwa mpangilio wa Kibulgaria au wa Kimarekani, uanze na siku au uanze na mwezi, inabaki palepale. Hata kifaa kile kinachokisia kisingeweza kuikosea.

Daktari Tsoneva alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti nzuri. Alimkalisha Zlatina kwenye kiti, Svilen akaketi pembeni karibu na mlango. Vyara alibaki nje na mkoba. Zlatina alikuwa amevaa tena lile koti la kijivu. Mifuko yake ilikuwa mitupu, Vyara aliikagua kabla hawajatoka.

"Mama Zlatina, nitakuuliza maswali machache. Mengine ni rahisi mno, usiudhike. Tuko mji gani?"

"Ruse."

"Umefanya kazi gani?"

"Nilikuwa natangaza treni."

"Safi. Nitakutajia vitu vitatu, uvikumbuke: tufaha, meza, kengele. Toa saba kwenye mia, uendelee kutoa."

"Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa. Sabini na mbili." Alikwenda bila kusita, kwa sauti ile ya stesheni, na daktari akainua nyusi akaandika. Vile vitu vitatu vilipoulizwa akavirudisha vyote, akianza na kengele. Atapita, aliwaza Svilen. Atapita mwenyewe, wala sitalazimika kusema kitu. Aliona aibu kwa furaha yake, na bado alifurahi.

"Vizuri sana," alisema daktari. "Sasa niambie, leo ni tarehe ngapi?"

Zlatina alijua. Asubuhi alikuwa amesimama nyuma ya Svilen akichana kalenda, na kwa jicho lake bovu aliiona sita ile kubwa nyeusi. Alifungua mdomo. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni, ukatafuta kikaratasi, haukukuta kitu, ukatafuta mfuko wa pili.

"Pole pole," alisema daktari. "Tarehe tu. Au mwezi."

Zlatina aliweka mikono magotini kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Nikisema nitakosea," alisema. "Tarehe mimi nimeziacha."

"Jaribu tu. Hata kwa kukisia."

"Hapana, daktari, kukisia hapana. Kukisia ndiko kunakoharibu." Akageuza uso kuelekea mlangoni, akamtafuta mwanawe kwenye ukungu, akamtafuta upande usio wake kwanza, kisha akampata. "Muulize yeye. Mwanangu ndiye anajua."

Daktari Tsoneva aliandika sifuri kwenye mstari wa tarehe. Kwenye mstari wa mwezi akaandika sifuri, na wa siku, na wa mwaka. Halafu, kwa adabu, ili mama asijisikie vibaya, alimgeukia Svilen.

"Leo ni tarehe ngapi, bwana?"

Svilen alisimama. Hakujua kwa nini amesimama.

"Tarehe sita Juni," alisema.

Zlatina alimgeukia daktari, uso wote umeng'aa kwa fahari, kama siku ile kwenye kioo cha mapokezi.

"Umeona?" alisema. "Huyo hakosei."